Padre, mdogo wangu anasema Noeli ni sikukuu ya mungu jua, nimjibuje?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dar ila kwetu ni Rombo. Mdogo wangu wa kiume alihama Kanisa mwaka juzi, na tangu hapo kila ikifika Novemba anatutupia klipu kwenye grupu la familia kwamba Krismasi haipo kwenye Biblia, 25 Desemba ni besdei ya mungu jua wa Warumi, mti umekatazwa na nabii Yeremia, na anayesherehekea anaabudu mashetani bila kujua. Mwaka jana aligoma kuja nyumbani, mama akamwekea nyama yake mpaka ikaharibika, akalia sana. Mimi nimekula Noeli tangu nazaliwa lakini kusema ukweli sina la kumjibu. Je, anachosema ni kweli? Na huu mti wenye taa nilioununua Kariakoo niutupe?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, swali lako nimekaa nalo wiki nzima, na sio kwamba ni gumu kihivyo, ni ile nyama ya mama ndo iliyonikaa moyoni.

Wacha nianze na pale mdogo wako alipo sahihi, manake yapo mambo yuko sahihi kabisa na ukibishana naye hapo atakushinda mchana kweupe. Tarehe ya kuzaliwa Bwana haimo kwenye Biblia. Mathayo hasemi, Luka hasemi, Marko na Yohane ndo kabisa hawagusi habari za utotoni. Na Wakristo wa mwanzo hawakuwa na Noeli, walikuwa na Jumapili na Pasaka, basi, miaka zaidi ya 200 Kanisa limeishi, limeteswa, limetoa mashahidi, bila mtu kukata keki ya Noeli. Tena Origeni, yule mwanazuoni mkubwa wa Aleksandria wa karne ya 3, aliwahi kuhubiri kwamba kwenye Maandiko wanaofanya sherehe ya siku ya kuzaliwa ni akina Farao na Herode tu, na kweli ukienda kusoma utaona sherehe zote mbili ziliisha na maiti, Farao alimtundika mwokaji wake na Herode akamkata kichwa Yohane Mbatizaji. Kwa hiyo hili la mdogo wako mkubalie bila kinyongo. Hata Klementi wa Aleksandria, mwaka 200 hivi, anataja watu waliokuwa wanapiga hesabu za siku aliyozaliwa Bwana, wengine walifika 20 Mei kwa kalenda yetu, wengine Aprili, na anawataja kwa namna ya kuwaona kama watu wanaochimbachimba kupita kiasi.

Ila mkishakubaliana hapo, mwambie pia aache kukutumia zile hesabu za "Yesu alizaliwa Septemba". Najua zinavyokwenda, wanachukua zamu ya Abiya kwenye Luka 1, yaani kundi la makuhani alilokuwamo Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, wanarudi 1 Mambo ya Nyakati 24 wanakuta ni zamu ya 8, wanahesabu miezi mpaka wanafika walikotaka kufika. Shida ni kwamba kila zamu ilikuwa inahudumu hekaluni mara mbili kwa mwaka, na Luka hakusema ile ilikuwa mara ya kwanza au ya pili. Na lile la wachungaji kwamba Desemba wasingekuwa nje na kondoo usiku kwa baridi, Bethlehemu ni milimani na kuna baridi ndiyo, lakini sio Siberia, halithibitishi wala halikanushi. Mtu akishasema tarehe haijulikani asikuletee tena tarehe yake.

Sasa hili la jua, hapa ndo panahitaji utulivu kidogo.

Kuna kitabu kimoja cha kale cha Roma, ni kama kalenda na orodha mbalimbali zimefungwa pamoja, kiliandaliwa mwaka 354 kwa ajili ya Mkristo mmoja tajiri aliyeitwa Valentinus. Humo ndani kuna orodha ya kumbukumbu za mashahidi, na wataalamu wanaona orodha hiyo ilishakuwepo mwaka 336, na inaanza na 25 Desemba, Kristo kazaliwa Bethlehemu ya Yudea. Huo ndo ushahidi wa kwanza ulio wazi tulionao wa Noeli ya tarehe 25. Haya, sehemu nyingine ya kitabu hichohicho kuna kalenda ya serikali, na kwenye 25 Desemba imeandikwa siku ya kuzaliwa Asiyeshindwa, yaani jua, kukiwa na mbio 30 za magari ya farasi. Fikiria kalenda ya ukutani ya parokia ambayo ina sherehe za Kanisa na pia ina Mei Mosi na Saba Saba, ndo hivyo.

Wale wa kwenye klipu wanakwambia Kaisari Aureliani alianzisha sikukuu ya jua 25 Desemba mwaka 274 na Kanisa likaja kuiba. Aureliani alijenga kweli hekalu la jua Roma mwaka 274, hilo halina ubishi. Lakini maandishi ya kwanza yanayoiweka sherehe ya jua kwenye 25 Desemba ni kitabu hikihiki cha 354! Sasa nani alitangulia? Wapo wasomi wazuri tu wanaosema Kanisa liliiweka Noeli pale makusudi kuwavuta watu watoke kwa jua waje kwa Kristo, na wapo wengine, nao wasomi, wanaosema ilitokana na hesabu. Hesabu yenyewe ni hii: tangu zamani, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa mwanzoni, anaitaja, kulikuwa na mapokeo kwamba Bwana alisulubiwa 25 Machi, na watu wa wakati ule waliona inafaa kwamba siku aliyokufa ndo siku aliyotungwa mimba, maisha yake yafunge duara kamili. Ukihesabu miezi 9 kutoka 25 Machi unaangukia wapi? Mtakatifu Agostino anaieleza hivyohivyo kwenye kitabu chake cha Utatu. Na ndo maana mpaka leo 25 Machi tunaadhimisha Kupashwa Habari, siku malaika alipomwambia Maria atachukua mimba, we angalia tu kalenda yako.

Mimi binafsi, ukiniuliza, naona vyote viwili vilichangia. Warumi waliihesabu 25 Desemba kuwa siku ambayo jua linageuka na mchana unaanza kurefuka tena, kila mtu aliyekuwa anaishi pale aliliona hilo kwa macho, na Wakristo walikuwa wanasoma Malaki anaposema jua la haki litawazukia (kwenye Biblia ya mdogo wako ni sura ya 4, kwetu ni ya 3, msije mkagombana tena kwa hilo). Sioni ajabu wala aibu mtu aliyesoma Malaki akiitazama siku ile na kumkumbuka Kristo.

Na tarehe yenyewe haikuwahi kuwa imani. Yohane Krisostomo akihubiri Antiokia karibu mwaka 386 aliwaambia waumini wake wazi kwamba sikukuu hii haijafikisha hata miaka 10 tangu ijulikane kwao, na wengine walikuwa bado wananung'unika kwamba ni ngeni. Makanisa ya mashariki yalikuwa na 6 Januari, na Waarmenia wa Kanisa lao la kale wanaadhimisha 6 Januari mpaka leo. Kama una majirani Waethiopia hapo Dar utawaona wanavaa nguo nyeupe na kwenda Kanisani 7 Januari, Wakopti wa Misri vilevile, Warusi vilevile, manake kalenda zao za Kanisa zinafuata hesabu ya zamani ambayo sasa hivi iko nyuma ya yetu kwa siku 13. Hakuna anayemwambia mwenzake kakosa wokovu kwa kukosea siku. Kama tungekuwa tunaabudu jua la 25 Desemba, hao wa Januari wanaabudu nini?

Usije ukadhani lakini Kanisa halikuona hatari. Papa Leo Mkuu, karne ya 5, aliwakemea Wakristo wa Roma kwa hasira kabisa kwenye mahubiri yake ya Noeli, kwa sababu walikuwa wanapanda ngazi za Basilika ya Mtakatifu Petro, wakifika juu kabla ya kuingia wanageuka na kuliinamia jua linalochomoza. Hebu fikiria, mtu anaenda Misa halafu mlangoni analisalimia jua! Na Agostino naye aliwaambia wa kwake kwamba siku hii waiadhimishe kwa ajili ya yule aliyeliumba jua, wasifanye kama wapagani wanaofanya kwa ajili ya jua lenyewe. Kwa hiyo wale mababa walijua fika watu wao wana miguu miwili, mmoja huku mmoja kule, wakawafundisha pole pole. Hiyo ni kazi ninayoifanya mimi pia kila wiki, na sio Roma.

Hapa nikuulize kitu cha kwetu. Wewe ni wa Rombo, unalijua isale. Mtu akimkosea baba yake au jirani yake, akaja ameshika jani la isale, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani anasikilizwa. Sasa isale lilitoka wapi? Babu zetu walilipanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee, lilikuwa na shughuli zake kwenye matambiko, usinifiche. Leo mzee wa jumuiya, aliyebatizwa, aliyepata kipaimara, anapokea isale kutoka kwa mwanae aliyepotea miaka kumi na wanakumbatiana, je anatambika? Muulize mdogo wako. Naamini hata yeye siku akitaka kumwomba mama msamaha kwa yale ya mwaka jana hatatafuta kitu kingine. Na besdei ya jua iliyokufa na Roma yake miaka zaidi ya 1,500 iliyopita ina nguvu gani ndani ya sebule yenu ambayo isale halina?

Tuje kwenye mti. Yeremia 10 soma yote, usisome mstari wa 3 na wa 4 peke yake. Ni kweli kuna mti unakatwa mwituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usitikisike. Lakini endelea mstari wa 5, kitu hicho hakisemi, kinabebwa kwa sababu hakiwezi kwenda, kwa hiyo msikiogope. Anazungumzia sanamu iliyochongwa na fundi kwa ajili ya kusujudiwa, habari ileile ya Isaya 44, jamaa anakata mti, nusu anapikia chakula na kuota moto, nusu anaifanya mungu wake. Yeremia aliishi miaka 600 hivi kabla ya Kristo, mti wa Noeli alikuwa hana habari nao. Huu wetu unatoka Ujerumani na maeneo jirani. Kuna maandishi ya Strasbourg ya mwaka 1605 yanayosema watu walisimamisha misonobari sebuleni na kuitundikia maua ya waridi ya karatasi, tufaha na vitu vitamu, na yale matufaha wengi wanayahusisha na michezo ya kuigiza ya Adamu na Eva iliyofanyika 24 Desemba, siku ya kumbukumbu yao. Pale uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikani, mti ulianza kusimamishwa mwaka 1982 tu, wakati wa Papa Yohane Paulo II. Ina maana mapapa zaidi ya 260 wamezikwa hawajawahi kuuona uwanjani kwao, na imani yao ilikuwa kamili.

Kwa hiyo wako wa Kariakoo uweke usiuweke ni sawa, hauna baraka ya pekee na hauna shetani. Nina neno moja tu la mzee, ile pamba mnayoitawanya juu ya matawi eti ni theluji, Dar es Salaam, Desemba, jasho linatiririka na feni inazunguka! Sio dhambi. Ila huwa nacheka.

Nikipewa nichague kati ya mti na pango la Noeli, mimi ni wa pango. Hilo angalau tunajua mwanzo wake, Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1223 kwenye kijiji cha Greccio, aliomba iletwe nyasi, ng'ombe na punda, akataka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Mungu. (Ng'ombe na punda hawamo kwenye Injili, wametoka Isaya 1:3, mdogo wako akikushika hapo mwambie tunajua.) Nikiwa padre kijana, kigango kimoja milimani, katekista alikuwa anatengeneza pango kwa magome makavu ya mgomba, wanyama aliwafinyanga mwenyewe kwa udongo na ng'ombe wake siku zote walikuwa wanafanana na mbwa. Mtoto Yesu alikuwa ni kidoli kilichokatika mkono, kilikaa kimefungwa kwenye kanga ya mkewe mpaka Misa ya mkesha, tukiimba Utukufu ndo kinaletwa. Mwaka mmoja nikanunua mjini Mtoto Yesu mpya, mzuri, anang'aa. Watoto wakamkataa! Walilia wakasema huyo sio Yesu wao, nikamrudisha yule wa mkono mmoja. Wale watoto hawakuwa wanaabudu kidoli wala jua, walijua vizuri kabisa wanamngoja nani, na katekista alikuwa amewafundisha Majilio yote, wiki nne, jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe.

Yule babu wa ndevu, Father Christmas, sina mengi. Mtakatifu Nikolao alikuwa askofu kweli, Mira, nchi ambayo leo ni Uturuki, na sikukuu yake ni 6 Desemba. Waholanzi walimsherehekea kwa zawadi, akavuka bahari, Marekani karne ya 19 wakamvua kofia ya uaskofu wakampa mkokoteni na tumbo. Watoto wako waambie habari za askofu, inatosha.

Na mdogo wako asidhani kagundua jambo jipya. Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza walisema hayahaya, Bunge lao mwaka 1647 likapiga marufuku sikukuu yenyewe, na wenzao wa Massachusetts kule Marekani waliweka faini ya shilingi 5 kwa atakayekutwa anasherehekea, kuanzia 1659 mpaka 1681. Walikuwa watu wa sala, sitaki kuwatukana. Sehemu kubwa ya hasira yao ilikuwa ulevi, kamari na fujo za wiki ile, na hapo mwanangu, mimi na wao tunapeana mkono. Manake kama kuna upagani kwenye Noeli yetu haukutoka kwa Aureliani, tunautengeneza wenyewe kila mwaka. Mtu anakopa ili aende nyumbani na gari la kuazima, mbege inaanza kunyweka 23, ndafu inachomwa, Misa ya mkesha anakuja amelewa au anakaa nje anachezea simu, Januari watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Nimezika watu wawili wa ajali ya usiku wa mkesha, wote vijana. Mdogo wako akipiga kelele juu ya hayo mwachie maikrofoni.

Sasa nyumbani. Paulo kwenye Warumi 14 anasema kuna anayeitofautisha siku na siku na kuna anayeona siku zote sawa, kila mmoja awe na hakika akilini mwake, anayeiadhimisha anaiadhimisha kwa Bwana. Na Wakolosai 2:16 anasema mtu asiwahukumu kwa habari ya sikukuu. Hiyo inakata pande zote mbili. Yeye asikuite mwabudu mashetani, na wewe usimlazimishe kula tarehe 25. Kama dhamiri yake inamsumbua, hiyo nyama ukimshindilia utakuwa umemkosea zaidi.

Klipu usizijibu kwenye grupu, grupu la familia lenye watu 40 halijawahi kumwongoa mtu, mtaishia kutoa na kurudishana kama mpira. Mpigie simu, tena mapema, Novemba hii hii kabla hajaanza. Mwambie haendi kwenye sikukuu, anakuja kumwona mama, siku yoyote anayoitaka, 27 au 28, mbuzi wa pili mtamchinja siku hiyo na hakuna atakayemtajia Krismasi. Halafu mwombe kitu kimoja ambacho najua hatakataa kwa sababu anaipenda Biblia kuliko wengi wa kwetu: akifika, jioni, awasomee wote Luka 2 kuanzia mstari wa 1 mpaka wa 20. Asihubiri, wewe usihubiri, asome tu, na mama amsikie.

Na nyama mwaka huu mwambieni mama aiweke kwenye friji.